Anakula Vizuri, Mbona Damu Haipandi?

Kwenye kitabu cha kliniki cha mdogo wangu, ukurasa wa vipimo, muuguzi aliandika 9.4 kwa kalamu ya bluu, kisha akaizungushia duara. Tuliporudi nyumbani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, kitabu kikapita mkono kwa mkono kama barua ya posa. Mavyaa wake akakitazama, akakirudisha.

"Tisa? Mtu anakula sahani mbili za wali kila mchana, hiyo tisa yatoka wapi?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyokusudia. Lamu hii samaki hushushwa asubuhi wangali wabichi na mchicha hupitishwa mlangoni, halafu mjamzito anashiba siku zote na damu haimtoshi. Mimi si daktari. Nimesindikiza waja wazito kadhaa kliniki, nikauliza mpaka wauguzi wakaanza kunikimbia, na nilichokipata ni kwamba mambo manne matano tofauti huwa yamefungwa fundo moja likaitwa "kula vizuri". Ukilifungua fundo hilo, ile tisa inaeleweka.

Tuanze na namba yenyewe. Ni gramu 9.4 za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kupeleka mwilini, na kwa mjamzito kupeleka mpaka kwenye kondo la nyuma anakolishwa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuwa mjamzito ana upungufu wa damu akiwa chini ya 11, ila katika miezi mitatu ya kati mpaka ni 10.5. Chini ya 7 ni hatari kubwa, hapo hapana mjadala wa mchicha.

Kwa nini miezi ya kati isamehewe nusu gramu? Kumbuka mchuzi uliopikiwa watu watano, mara wageni watatu wanapiga hodi. Mpishi anaongeza maji. Mchuzi ni mwingi zaidi ila umekuwa mwepesi. Mwili wa mjamzito hufanya hivyohivyo: maji ya damu huongezeka kwa karibu nusu, na chembe nyekundu nazo huongezeka lakini kwa mwendo wa polepole. Kwa hiyo namba kushuka kidogo ni kawaida, hata kwa mwanamke mwenye afya njema. Kasoro inaanza pale ambapo mchuzi umeongezwa maji na viungo vimekwisha kabatini.

Kiungo chenyewe ni madini ya chuma. Mimba moja, mwanzo hadi mwisho, hudai takriban miligramu 1,000. Kama nusu yake hutengeneza chembe mpya za mama, 300 hivi huenda kwa mtoto na kondo, na zilizobaki hupotea kwa njia za kawaida za mwili. Deni hili halilipwi sawasawa mwezi kwa mwezi, sehemu kubwa hudaiwa nusu ya pili ya mimba. Na wanawake wengi huingia kwenye mimba akiba imeshapungua kwa hedhi za miaka, au kwa sababu mtoto aliyetangulia bado ananyonya.

Sasa turudi kwenye ile sahani. Wali una chuma kidogo sana, hata ukila sahani tatu. Mchicha, mbaazi, kunde na maharagwe vinacho, lakini chuma cha mimea ni kama mgeni asiye na mwenyeji mjini: hufika mlangoni, wengi wakarudishwa. Mwili hufyonza sehemu ndogo tu yake. Chuma cha nyama, maini, kuku na samaki kina mlango wake na hupita kwa wepesi zaidi. Tena nyama na samaki vikiwa sahani moja na mboga huivuta na ile chuma ya mboga ikapita. Vitamini C hufanya kazi hiyo hiyo. Kipande cha changu, mchicha wa nazi, kachumbari iliyokamuliwa ndimu na embe baada ya kula: waliopanga mlo huo zamani hawakuwa na maabara, ila hesabu yao ilikuwa sawa.

Halafu ikaja chupa ya chai.

Nimeketi jikoni kwa mdogo wangu siku tatu mfululizo kutazama tu. Asubuhi, mahamri kwa mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye iliki, vikombe viwili. Mchana, wali na mchuzi wa samaki, na kabla sahani hazijaondolewa mkekani, chupa imeshafunguliwa. Saa kumi, chai tena na kitumbua. Usiku, mkate wa kumimina au chapati, na chai. Majani ya chai yana tanini, na tanini hukishika kile chuma cha mimea tumboni, kikatoka bila kufyonzwa. Chai ikinywewa pamoja na chakula huweza kupunguza ufyonzaji wake kwa zaidi ya nusu. Kuweka maziwa hakuiondoi kasoro hiyo, na maziwa yenyewe yana kalsiamu inayoshindania mlango huohuo. Kahawa nayo ni ndugu wa chai katika jambo hili.

Kwa hiyo mbaazi zile za asubuhi, zenye chuma, foliki (aina ya vitamini B) na protini, zilikuwa zinapikwa kwa nazi nzito, zinaliwa kwa raha, kisha zinafungiwa mlango kwa kikombe cha kwanza. Hakuna aliyefanya kosa. Chakula kizuri kimewekwa karibu mno na kinywaji kizuri.

Dawa yake haihitaji kuacha chai, na sijui nani Lamu angekubali. Ni kungoja muda wa saa moja. Kula, pumzika, swali, osha vyombo, kisha unywe. Pamoja na chakula unywe maji, au juisi ya machungwa. Ubuyu pia una vitamini C kwa wingi, lakini nasema ule unga mweupe unaolowekwa kwenye maji. Mabuyu ya kokwa yaliyopakwa sukari na rangi nyekundu mpaka ulimi ukawa kama umepaka hina, hayo ni peremende.

Na hapo pana imani moja ya kuvuliwa taratibu: kwamba kila chekundu huongeza damu. Ndiyo maana mjamzito huletewa bitiruti, juisi nyekundu za dukani, hata soda. Rangi ya bitiruti haina uhusiano na rangi ya damu. Ina foliki, na hilo ni jema, ila chuma chake si cha kujivunia. Soda nyekundu haina hata hicho. Maini kwa kweli yana chuma kingi, lakini yana pia vitamini A nyingi mno, ambayo ikizidi miezi ya mwanzo huweza kumdhuru mtoto anayeumbwa. Mara moja moja, kipande kidogo, sawa. Kila siku, hapana.

Hata mlo ukipangwa vizuri namna gani, mara nyingi hautoshi kulipa miligramu 1,000 zile. Ndiyo sababu ya tembe. Zinazotolewa Kenya kwa wajawazito zina miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki ndani ya kidonge kimoja, kimoja kwa siku mpaka kujifungua. Aliyekwisha kupungukiwa huongezewa. Hapa nitasema wazi: nyumba nyingi nilizoingia, tembe hizo zimo kwenye droo. Mdogo wangu alikuwa na pakiti mbili chini ya kanga zake. Zilimchafua tumbo, choo kikawa kigumu na cheusi, akaogopa, na hakuna aliyemweleza kuwa weusi ule ni chuma kilichobaki kupita njia yake. Kuzimeza usiku wakati wa kulala humpunguzia mtu kichefuchefu. Kuzimeza kwa chai, kama alivyokuwa akifanya zile siku alizozikumbuka, ni kuzitupa. Anayejua ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, azungumze na daktari kwanza, kwa kuwa upungufu wake wa damu una chanzo kingine na chuma kinaweza kumlundikia mwilini.

Kuna na uvujaji. Unaweza kujaza mtungi ulio na tundu mpaka uchoke. Neno letu la zamani, safura, limebeba mambo mawili kwa pamoja: ule weupe wa mtu aliyeishiwa damu, na minyoo inayousababisha. Minyoo ya safura hujishika kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo, huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya miguu mitupu kwenye udongo uliochafuliwa. Dawa yake hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita. Malaria nayo huvunja chembe nyekundu na kujificha kwenye kondo, mama akawa hana hata homa ya kumshtua, huku mtoto ananyimwa. Ndiyo maana ya chandarua, na ya zile tembe tatu ambazo pwani hii mjamzito humezeshwa mbele ya muuguzi, kuanzia miezi ya kati, kila baada ya mwezi au zaidi.

Tembe hizo zina jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Foliki ya dukani ya miligramu 5, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya kliniki, huidhoofisha dawa hiyo ya malaria. Mwanamke anaona foliki ni foliki, ananunua iliyo kubwa akidhani anajifanyia hisani. Mwonyeshe muuguzi kila unachomeza, hata kama ulikinunua kwa nia njema.

Na udongo? Anayeutamani hajarogwa wala hana adabu mbaya. Tamaa ya kutafuna udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma wenyewe, ila udongo hukishika chuma cha chakula kama ifanyavyo chai, na huweza kuja na mayai ya minyoo. Mwambie muuguzi bila haya, kwa sababu kwake hiyo ni dalili.

Foliki nimeitaja mara kadhaa sasa, na yenyewe ina kisa chake. Mfereji wa neva, ambao ndio huja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga katika siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi bado wanahesabu vidole wakijiuliza kama wamechelewa au wamekosea tarehe. Foliki ikipungua wakati huo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Hivyo foliki inayoanza mwezi wa tano husaidia damu ya mama, lakini kwa mgongo wa mtoto imechelewa. Anayepanga kuzaa aanze kabla. Serikali ya Kenya ililizunguka tatizo hili mwaka 2012 kwa kulazimisha unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwa pakiti uongezwe foliki na chuma, kwa hiyo hata mahamri yana mchango wake. Unga uliosagwa kinuni mtaani hauna nyongeza hiyo.

Nije kwenye lile lililonipa taabu zaidi ya yote, kwa kuwa halipo kwenye vipimo. Siku ya pili jikoni niliona yai likirudishwa kwenye bakuli. "Asije akazaa jitu," mavyaa akasema, na hakusema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alimzaa mumewe mdogo wangu siku mbili mchana na usiku, na hofu ile haijamtoka. Hofu ya mtoto mkubwa ni ya kweli. Mtoto wa kilo 4 na zaidi huweza kukwama, na mama akachanika. Ila tazama kilichozuiwa na kilichoachwa: yai limerudishwa, samaki amekatwa nusu, na kikombe cha chai kina vijiko vinne vya sukari na kaimati pembeni. Sukari ya mama inayopanda wakati wa mimba ni moja ya sababu kubwa za mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi. Yai halina hatia hiyo.

Nikamwambia, "Bi mkubwa, hofu yako ni sawa, umekosea tu mtuhumiwa." Akacheka, halafu hakurudisha yai. Siku nyingine aliliweka mwenyewe.

Upande wa pili wa hofu hiyo ni kule "kula kwa watu wawili". Miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji nyongeza ya maana. Miezi ya kati ni kama kalori 340 kwa siku, ya mwisho kama 450. Bakuli dogo la mbaazi za nazi na yai la kuchemsha vimekwisha kuifikia ile ya kati. Mwanamke mwenye uzito wa kawaida hutarajiwa kuongeza kati ya kilo 11.5 na 16 mimba nzima. Mwembamba huongeza zaidi, mnene chini ya hapo. Asiyeongeza vya kutosha yumo katika hatari ya kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5, na mtoto huyo hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida, na maradhi humvamia kwa urahisi.

Athari nyingine huchelewa kuonekana. Baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi mwa Uholanzi, mgao wa mtu ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miongo baadaye watafiti waliwafuata waliokuwa matumboni wakati ule. Walioipata njaa miezi ya mwisho walizaliwa wepesi. Walioipata miezi ya mwanzo walizaliwa na uzito wa kawaida tu, lakini ukubwani maradhi ya moyo na unene vilionekana zaidi kwao. Mizani ya siku ya kuzaliwa haikuwa imesema yote.

Samaki, kwa ufupi, kwa kuwa sisi huku hatuhitaji kuhubiriwa samaki. Wadogo na wa kati, tasi, changu, dagaa, waliwe; wana mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto, na dagaa wa kuliwa na mifupa wana kalsiamu. Wakubwa wanaokula wenzao, papa, nduaro, sulisuli, hukusanya zebaki mwilini, na mjamzito awaache. Najua papa mkavu anavyonukia ukimkaanga. Atangoja.

Ramadhani hutuletea swali kila mwaka. Katika fiqhi ya Shafii inayofuatwa hapa, mjamzito anayechelea nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kufungua. Akijichelea mwenyewe atalipa siku zake, na akimchelea mtoto peke yake atalipa na kutoa kibaba kwa kila siku. Mwenye 9.4 kitabuni si wa kujifaragua, amuulize daktari na amuulize sheikhe, wote wawili. Na anayefunga atazame futari yake: muhogo wa nazi, kaimati na chai ni wanga juu ya sukari juu ya tanini. Samaki na mboga vitangulie, tembe usiku, daku isirukwe.

Je, haya yote yana uzito gani siku ya uchungu? Mwanamke kupoteza nusu lita ya damu baada ya kujifungua ni jambo ambalo mwenye damu ya kutosha huweza kulistahimili akahudumiwa. Mwenye 7 hana akiba ya kupoteza. Kisha weka bahari katikati. Mama wa Siyu, kisiwani Pate, anayevuja damu usiku hana budi kufikishwa gati la Mtangawanda, apakiwe boti, avuke mpaka Lamu mjini, upepo ukiwa wowote ule. Akiba aliyoiweka mwilini kwa miezi sita ndiyo inayomvusha.

Mtoto naye hulipiwa hapohapo. Chuma cha kumtosha miezi sita ya mwanzo hukiweka ghalani akiwa tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho, kwa sababu maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Aliyezaliwa kabla ya wakati hukosa sehemu ya akiba hiyo. Na kuna zawadi ya mwisho: kitovu kisikatwe mara tu mtoto anapotoka. Dakika moja mpaka tatu za kungoja humpitishia damu iliyokuwa bado kwenye kondo. Inafaa kumwomba mkunga mapema, kabla chumba hakijawa na haraka.

Wiki ya 36 kitabu cha mdogo wangu kiliandikwa 10.8, bado kidogo tu kufika 11. Muuguzi safari hii hakuzungusha duara. Alijifungua msichana wa kilo 3.1, na mavyaa akaingia jikoni kupika uji wa pilipili manga wa mzazi, akamwaga kwenye bakuli, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nilimwonyesha pakiti ya tembe: mzazi huendelea nazo wiki sita mpaka kumi na mbili. Akaitazama, kisha akaitazama chupa ya chai aliyokwisha kuibeba kwa mkono wa pili.

"Na huyu pia ni ile saa moja yako?"

"Ile ile, bi mkubwa."

Akaiweka chupa dirishani, mbali na kitanda, akamimina kikombe chake mwenyewe.